Meli Iliyozama Hufufuliwaje?

Chombo kinapozama, watu wengi hukikatia tamaa. Hudhani kwamba maji ni kaburi la chuma na mbao, na kwamba kila siku inayopita huongeza uharibifu. Dhana hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Viko vyombo vilivyolala chini ya maji kwa miaka mingi, vikainuliwa, vikatengenezwa na kurudishwa kazini. Aidha, viko vingine ambavyo vilikuwa salama kabisa vikiwa chini ya maji, lakini vikaanza kuharibika upesi mara tu vilipotolewa nje.

Mfano mashuhuri wa kundi la kwanza uko hapa kwetu, nao ni meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika. Katika makala haya tutaitumia meli hiyo kujibu maswali matatu. Kwanza, ni kitu gani hasa kinachoharibu meli iliyozama? Pili, meli nzito huinuliwaje kutoka chini? Tatu, ni kazi gani inayopaswa kufanywa baada ya kuinuliwa, na kwa nini kazi hiyo haitaki kucheleweshwa?

Historia ya Liemba

Meli hii iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, na kupewa jina la Graf von Goetzen. Ilipokwisha kuunganishwa na kukaguliwa, ilifunguliwa tena vipande vipande, ikafungwa ndani ya makasha yapatayo 5,000 na kusafirishwa hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo vipande hivyo vilipelekwa kwa reli hadi Kigoma, ambako viliunganishwa upya. Meli yenye urefu wa mita 71 hivi ikaingizwa ziwani mwezi Februari 1915, wakati Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha kuanza.

Mwezi Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji yalikuwa yanaikaribia Kigoma, na Wajerumani hawakutaka meli yao iangukie mikononi mwa adui. Wangeweza kuilipua. Badala yake mafundi walizipaka mashine zake grisi nzito, wakaijaza meli mchanga, na tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha kwa uangalifu karibu na mlango wa Mto Malagarasi, katika kina cha mita 20 hivi. Nia yao ilikuwa kuirudia vita itakapokwisha.

Hawakuirudia. Wabelgiji ndio walioiinua kwanza, lakini ikazama tena katika maji ya Kigoma kwa sababu ya dhoruba. Baadaye Waingereza, waliokabidhiwa utawala wa Tanganyika, waliianza kazi hiyo upya, na mwezi Machi 1924 meli ikaelea. Mafundi walipozifungua mashine na boila, waliona kuwa bado zafaa kutumika. Hata hivyo, meli haikuanza safari hadi mwezi Mei 1927, ikiwa na jina jipya la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa lenyewe. Injini zake za mvuke ziliendelea kufanya kazi hadi miaka ya 1970, zilipoondolewa na kuwekwa injini za dizeli.

Hapa pana mambo mawili ya kustaajabisha. Jambo la kwanza ni kwamba mashine zilizokaa majini kwa miaka zilifanya kazi tena kwa karibu nusu karne. Jambo la pili ni kwamba kuinuliwa na kurudishwa kazini vilitenganishwa na muda wa miaka mitatu. Mambo hayo mawili yanaeleweka tukijua kutu ni nini.

Kutu hutokeaje?

Maji peke yake hayaleti kutu, wala hewa kavu peke yake haileti kutu. Kutu huhitaji vitu vitatu kwa pamoja: chuma, maji na oksijeni.

Chuma kinapogusana na maji, baadhi ya atomi zake huacha elektroni na kuingia majini zikiwa ioni. Elektroni hizo husafiri ndani ya chuma hadi mahali pengine, ambako hupokelewa na oksijeni iliyoyeyuka majini. Oksijeni hiyo ikiungana na maji hufanya ioni za haidroksidi. Ioni za chuma na za haidroksidi zinapokutana, na oksijeni zaidi ikipatikana, hufanyika ule unga mwekundu tuujuao, yaani oksidi ya chuma yenye maji ndani yake. Kwa hiyo kila kipande cha chuma kilicho majini ni kama betri ndogo: upande mmoja chuma kinaliwa, na upande mwingine oksijeni inapokea umeme.

Chumvi huharakisha kazi ya betri hiyo kwa njia mbili. Kwanza, ioni zake hurahisisha kupita kwa umeme ndani ya maji. Pili, ioni za kloridi huuvunja utando mwembamba wa oksidi ambao ungekikinga chuma. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi yapata gramu 35, ambapo lita ya maji ya Ziwa Tanganyika ina nusu gramu hivi tu. Zaidi ya hayo, maji ya ziwa hilo yana ualkali kidogo, na hali hiyo pia hupunguza kasi ya kutu. Kama Graf von Goetzen ingezamishwa baharini, huenda mafundi wa mwaka 1924 wangekuta hali mbaya zaidi.

Sasa tuitazame oksijeni. Lita moja ya hewa katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi ina oksijeni kiasi cha miligramu 270. Lita moja ya maji katika joto hilohilo haiwezi kuyeyusha zaidi ya miligramu 8 hivi. Maana yake ni kwamba chuma kilicho chini ya maji kina njaa ya oksijeni kikilinganishwa na chuma chenye unyevu kilichoachwa hewani. Katika Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofikia mita 1,470, maji ya chini sana hayana oksijeni kabisa, kwa kuwa hayachanganyiki vema na yale ya juu. Lakini yafaa tukumbuke kwamba meli yetu ililala katika mita 20 tu, ambako oksijeni ipo. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kina cha ziwa ndicho kilichoziokoa mashine zake. Palihitajika kinga nyingine, nayo ni grisi. Grisi haipitishi maji, na mahali ambapo maji hayafiki, ile betri haiwezi kufanya kazi.

Wazee wetu wa pwani waliijua kanuni hiyo zamani, ijapokuwa kwa upande wa mbao. Walizipaka jahazi na mashua zao sifa, yaani mafuta ya papa, na chini ya mkondo wa maji wakapaka deheni ya shahamu na chokaa, ili kuwazuia funza wa baharini watoboao mbao. Mwunda vyombo na fundi wa mashine wana shabaha moja: kuweka ukuta kati ya chombo na kile kinachokula chombo.

Jaribio la misumari

Walimu waweza kulionyesha jambo hili darasani bila gharama kubwa. Tafuta misumari sita isiyo na rangi wala kutu, uisugue kwa msasa, kisha uigawe katika neli za majaribio au chupa ndogo zilizo safi.

Msumari wa kwanza uwekwe katika neli kavu yenye kloridi ya kalsiamu ya kunyonya unyevu, na kizibo kikazwe. Wa pili uwekwe katika maji yaliyochemshwa kwa dakika kadhaa ili kutoa hewa, na juu yake imiminwe tabaka ya mafuta ya kupikia. Wa tatu utiwe katika maji ya kawaida, na wa nne katika maji yenye chumvi. Wa tano upakwe grisi nene pande zote, kisha utiwe katika maji ya chumvi. Wa sita uloweshwe katika maji ya chumvi kwa siku moja, kisha utolewe na kuachwa hewani mahali penye unyevu.

Baada ya juma moja, linganisha. Msumari wa kwanza na wa pili haitakuwa na kutu, au itakuwa nayo kidogo sana. Wa tatu utakuwa na kutu, na wa nne kwa kawaida utaharibika zaidi. Wa tano utabaki salama kila mahali ambapo grisi haikuachwa wazi. Huo ndio mfano wa mashine za Graf von Goetzen. Lakini mwanafunzi autazame vizuri msumari wa sita, kwa kuwa ndio utakaotueleza hatari inayoikabili meli siku inapoibuka.

Kuinua meli: hesabu ya uzito na kanieneo

Kabla ya kuifikia siku hiyo, lazima meli iinuliwe. Kanuni ya Archimedes hutufundisha kuwa kitu kilichozama husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyahamisha. Chuma cha meli ni kizito mara 7.8 kuliko maji. Kwa hiyo tani 1,000 za chuma zikiwa ndani ya maji huhamisha tani 128 tu za maji, na mwinuaji atapambana na tani 872. Nafuu ipo, lakini ni ndogo. Juu ya hizo kuna mchanga uliomo ndani ya meli, na kuna matope ya chini ambayo huing'ang'ania kama yanavyoung'ang'ania mguu wa mtu anayetembea bondeni.

Mwanafunzi aweza kuuliza: kwa nini matundu yasizibwe na maji yakavutwa kwa pampu, ili meli iibuke yenyewe? Njia hiyo hutumika katika maji mafupi. Lakini kila mita 10 za kina huongeza kanieneo, yaani kani inayosukuma kila mita ya mraba, kwa kiasi kinacholingana na uzito wa tani 10. Katika mita 20 kila mita ya mraba ya sitaha hubeba tani 20. Sitaha yenye upana wa mita 4 na urefu wa mita 5 ingebeba tani 400. Ukiondoa maji ya ndani yanayoisaidia kuhimili mzigo huo, sitaha itapondeka.

Njia ya pili ni kuingiza hewa iliyoshindiliwa, ikayasukuma maji nje kupitia matundu ya chini. Hapo hewa ya ndani hulingana na maji ya nje, na sitaha haipondwi. Lakini kanuni ya Boyle hutuonya. Katika mita 20 hewa hiyo ina kanieneo ya angahewa tatu, na ikifika juu hubaki na moja, hivyo ujazo wake huongezeka mara tatu. Kama hakuna njia ya hewa ya ziada kutokea, meli itapasuka. Tena, meli ikishaanza kupanda, hewa hutanuka na kuipandisha kwa kasi zaidi, na kuizuia ni vigumu.

Njia ya tatu ni ya matishari. Kamba za chuma hupitishwa chini ya meli na kufungwa katika matishari mawili yaliyojazwa maji hadi yakakaribia kuzama. Maji yakivutwa nje, matishari hupanda na kuiinua meli kidogo. Meli husogezwa mahali penye kina kifupi zaidi, ikalazwa, na kazi ikaanzwa upya. Katika bahari yetu, ambako maji ya bamvua hupanda hata mita 3 na zaidi, bahari yenyewe yaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo. Ziwani hakuna maji kujaa na kupwa ya namna hiyo, hivyo kila sentimita hulipwa kwa pampu. Meli ya mbao iitwayo Vasa, iliyozama Stockholm nchini Uswidi mwaka 1628, iliinuliwa kwa njia hii. Wapiga mbizi walichimba njia sita chini yake, na mwaka 1959 ikapandishwa kwa hatua 18 kutoka mita 32 hadi mita 16. Iliibuka juu ya maji mwezi Aprili 1961.

Wakati wa kuibuka ndio wakati wa hatari kubwa. Maadamu meli ingali chini, maji yaliyomo ndani yake hayaongezi uzito. Sitaha ikishatokeza hewani, maji hayo huwa mzigo mtupu, na kila meli inapoyumba hukimbilia upande mmoja na kuiinamisha zaidi. Kwa sababu hiyo meli iliyoinuliwa haihesabiwi kuwa imeokolewa mpaka maji yatolewe na matundu yote yazibwe. Kuzama kwa Liemba mara ya pili ni ukumbusho wa jambo hilo.

Hatari inaanza juani

Turudi kwenye msumari wa sita. Chuma kilichotoka majini kina unyevu, mara nyingi kina chumvi, na sasa kimeipata oksijeni tele ambayo hakuwa nayo. Vitu vyote vitatu vya kutu vimekutana. Saa chache zaweza kuharibu kile ambacho miaka haikukiharibu.

Kwa hiyo kazi ya kufufua ina utaratibu wake. Kwanza, kila kipande huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hukaushwa na kupakwa mafuta mara moja. Pili, mashine hufunguliwa kipande kwa kipande. Sehemu za shaba nyeupe zilizokutana na chuma hukaguliwa kwa makini, kwa sababu metali mbili tofauti zikigusana majini huongeza nguvu ya ile betri, na chuma ndicho kiliwacho. Tatu, unene wa mabati ya ubavu hupimwa, zamani kwa kutoboa matundu madogo na siku hizi kwa mwangwi wa sauti isiyosikika na sikio. Bati lililopungua mno hukatwa na kubadilishwa.

Nne, boila hujazwa maji baridi na kushindiliwa kwa kanieneo iliyozidi ile ya kazini. Kwa nini maji, wala si hewa au mvuke? Kwa sababu maji hayashindiliki kwa urahisi, hivyo hayaweki akiba kubwa ya nishati. Boila dhaifu ikipasuka kwa maji, itavuja. Ikipasuka kwa mvuke, itaua. Sasa yaeleweka kwa nini Liemba ilingoja miaka mitatu. Kuelea kulihitaji nguvu. Kurudi kazini kulihitaji uhakika.

Je, mbao?

Mbao hufuata kanuni nyingine, lakini funzo ni lilelile. Katika maji yenye chumvi kidogo, kama yale ya Stockholm, funza wa mbao hawaishi, na ndiyo maana Vasa ilidumu miaka 333. Hata hivyo, ndani ya mbao hizo sehemu ya kuta za seli ilikuwa imeyeyuka na nafasi yake ikachukuliwa na maji. Mbao za namna hiyo zikikaushwa juani hunywea, hujikunja na kupasuka. Ilibidi Vasa inyunyiziwe kwa miaka 17, kuanzia 1962 hadi 1979, myeyuko wa nta iitwayo polietilini glikoli, ili nta iingie polepole mahali pa maji. Hata baada ya hapo, mnamo mwaka 2000 iligunduliwa kwamba salfa iliyojikusanya ndani ya mbao ikiwa majini ilikuwa inageuka kuwa asidi kwa kupata oksijeni. Kisha, kati ya mwaka 2011 na 2018, bolti zake za chuma zaidi ya 5,000 zilibadilishwa na kuwekwa za chuma kisichoshika kutu.

Gharama hizo zatueleza kwa nini wataalamu wa Mombasa walichagua njia nyingine. Meli ya Kireno iitwayo Santo António de Tanná ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, wakati ngome hiyo ilipozingirwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wapiga mbizi waliichimbua, wakaichora na kuipima, na vyombo vilivyomo wakavitoa kwa ajili ya makumbusho ya ngome. Lakini kiunzi chake cha mbao walikiacha chini na kukifunika tena. Uamuzi huo haukuwa wa kushindwa. Anayeinua mbao bila uwezo wa kuzitunza huziangamiza.

Injini ya mvuvi

Elimu hii haiwahusu wenye meli kubwa tu. Mara nyingi mtumbwi hupinduka, na injini ya mvuvi, pengine mali yake kubwa kuliko zote, hutumbukia majini. Ikiopolewa, wengi huianika juani na kungoja fundi afike baada ya siku mbili tatu. Hilo ndilo kosa la msumari wa sita.

Inafaa injini ioshwe mara moja kwa maji baridi, plagi zifunguliwe, na mashine igeuzwe ili matundu yake yaelekee chini. Gurudumu lizungushwe polepole kwa mkono ili maji yatoke. Likikataa, lisilazimishwe, maana huenda kuna kipande kilichopinda. Kisha mafuta ya injini yatiwe katika silinda, petroli yenye maji imwagwe, kabureta isafishwe, na injini iwashwe mapema iwezekanavyo. Kama fundi hapatikani kwa saa nyingi, ni afadhali injini ilowekwe ndani ya pipa la maji baridi hadi atakapokuja kuliko kuachwa hewani. Ushauri huu huwashangaza wengi, lakini aliyelifanya jaribio la misumari hatashangaa.

Liemba ilisimama kwa ajili ya matengenezo mwishoni mwa miaka ya 2010. Kabla ya hapo ilikuwa imewabeba wasafiri wa vijiji vya ziwani visivyo na barabara, na mwaka 2015 iliwatoa wakimbizi wa Burundi kutoka kijiji cha Kagunga na kuwafikisha Kigoma. Watu hao walivushwa na chombo ambacho karne moja kabla yake kilikuwa kimelala katika tope la Malagarasi. Kilidumu kwa sababu kabla ya kukizamisha mafundi walikumbuka grisi, na baada ya kukiinua mafundi wengine hawakuona haraka ya kukiwasha kabla ya kukikagua.